Mazishi ya Baba Yalivyogeuzwa Maandamano

Jioni ya siku tuliyomzika baba, nilimwona kaka yangu kwenye habari akiongoza maandamano.

Maandamano gani? Udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye viatu vyake!

"Banange, si ni barabara yetu hiyo?" shangazi akaropoka.

Ndiyo, ni hapa hapa Nakawa. Watu wa televisheni ya chama kimoja walikata kipande chenye jeneza, wakabakisha umati. Dua wakaizima, wakaweka wimbo wa chama. Kaka Fadhul alikuwa ameinua mkono kuzuia bodaboda ili maiti ipite. Wao wakasema anapiga saluti ya chama.

Mimi naitwa Safinah. Baba yetu, Mzee Marjan, alikuwa mwanajeshi mstaafu. Hakuwahi kuvaa fulana ya chama chochote, na Fadhul vilevile.

Asubuhi askari wakaja. Wakamchukua Fadhul. Kosa lake? Kuongoza maandamano bila kibali.

Nilijua aliyepiga video ile ni nani. Ni ami Abdul-Latif, mdogo wake baba, mhamasishaji wa chama hicho. Nikamfuata kwake.

"Niliwatumia tu," akasema. "Sikujua watakata."

"Basi toa video nzima, ami. Fadhul atoke."

Akainamia simu yake.

"Mwanangu, uchaguzi uko karibu. Nikiitoa, watu watasema chama chetu kinadanganya."

"Kwani hakidanganyi?"

"Wale wa upande ule wanadanganya zaidi."

Nilichoka. Huyu ndiye aliyemwosha baba kwa mikono yake!

Nikapanda boda hadi Nakasero, kwenye televisheni ya upande ule, wapinzani wa chama cha ami. Mwandishi mmoja, Nabangala, akanisikiliza kwa huruma kweli.

"Pole nyabo, pole dada. Leo leo unaenda hewani. Ila sema vijana wa chama walivamia msiba, wakanyang'anya jeneza."

"Hakuna aliyenyang'anya jeneza."

"Sema walijaribu, basi."

"Hawakujaribu! Ni mazishi tu, yamekatwakatwa."

Akafunga kompyuta yake. "Basi hapo hatuna habari, nyabo."

Nikatoka kwa hasira. Wote wana kamera, na hakuna anayetaka kilichotokea!

Mwishowe imamu aliyemswalia baba ndiye aliyekwenda kituoni kutoa ushahidi. Kwenda, rudi, kwenda tena, hadi wakakubali kumwachia Fadhul.

Mimi na mama tukawahi getini na kanzu safi ya kumbadilisha.

Tukakuta ngoma. Watu wa chama na kamera zao wamejaa, ami yuko mbele. Fadhul alipotoka tu wakamvisha fulana ya chama, wakambeba juu juu. "Shujaa wetu!"

Nilisubiri aivue. Hakuivua.

Nikajipenyeza hadi kwake. "Kaka, hawa ndio waliokufungisha!"

"Najua," akasema. "Lakini kila siku walileta chakula na wakili. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa natafuta mtu wa kurusha ukweli.

Mama akamshika mkono. "Kesho ni hitima ya baba yako, Fadhul."

Fadhul akamtazama ami. Ami akatikisa kichwa.

"Mama, kesho nina mkutano Port Bell."

Hitima tukaisoma bila yeye na bila ami. Video nzima haijatoka mpaka leo.

Wenzangu, shabikieni chama mnachotaka. Chama kina maelfu ya kukisemea. Maiti wetu ana sisi tu.

Msiuze mazishi yake.