Jina Lililofutwa Kwenye Mchezo wa Chukudu

Siku ile katika parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka ya Butembo, tulikuwa hivi: afisa aliyepokea mashtaka, kijana aliyeshtaki, mama yake aliyevaa kitenge cha kwenda misa, mdogo wangu aliyeshtakiwa, na mimi niliyemlea tangu wazazi wetu walipofariki. Juma lililopita nilipigiwa simu kutoka Beni: yule kijana amefariki nyumbani kwake huko, katika komuni ya Ruwenzori, kwa homa ambayo haikumpa nafasi. Hakuwa ndugu yetu, wala sidhani kama angeniita rafiki. Lakini tangu nipate habari hiyo nimeshindwa kuandika juu ya jambo lingine katika safu hii.

Kijana huyo alitengeneza mchezo wa simu. Mchezaji anasukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa ndizi na mihogo, kutoka Kalunguta hadi soko la Butembo, mlima kwa mlima. Breki ni kipande cha tairi cha kukanyaga. Ukijaza kupita kiasi unapinduka, na wanawake wa kando ya barabara wanakucheka kwa Kinande. Kicheko kile ni cha mama yake na majirani. Aliwaomba wacheke arekodi, wakashindwa, mpaka yeye mwenyewe alipoanguka kutoka kwenye kiti. Mchezo huo aliuuza kwenye mtandao kwa bei ndogo. Mdogo wangu, mwenye kioski ya kuchaji simu na kupakia nyimbo, aliupakua, au kama tusemavyo huku, alitelesharje, bila kulipa, akavunja kufuli yake, akaanza kuwawekea wateja. Na kama wafanyavyo watu wote wa vioski, alifuta jina la mtengenezaji mwanzoni mwa mchezo akaweka la kioski yetu. Kila kitu kilipita hivyo. Hata mahubiri ya mchungaji yalianza na sauti ya mdogo wangu ikitangaza kwamba tunachaji pia taa.

"Uliiba muchezo ya huyu?" afisa alimuuliza.

"Hapana kuiba, chef. Nilitelesharje tu. Batu bote banatelesharje."

Afisa alitoa simu yake ili tuuone huo mchezo wenyewe. Jina la kioski yetu likajitokeza kwenye kioo. Akakohoa. "Donc na mimi niko mwizi?"

"Hapana, chef," kijana alijibu. "Weye walikudanganya tu. Na pale ku mulima ya mwisho, punguza mizigo, utapita."

Tulicheka sote, isipokuwa mama yake. "Munacheka," alisema. "Ku soko nasema ni mutoto wangu alitengeneza hii, banamama bananijibu: mama, hapana kubeba sifa ya bengine. Sauti yangu iko ndani, mais jina yake haiko."

Hapo kicheko kiliisha. Mimi niliacha shule mapema ili wadogo zangu wasome, na sheria siijui. Nilichokijua ni kwamba mdogo wangu angeweza kutoka mle akipelekwa gerezani. Nikamuuliza kijana anataka nini.

"Yaya, hapana mutu kuingia gereza," alisema, akiniita kwa heshima ya mkubwa. "Murudishe jina yangu ku masimu yote yenye mulitia."

"Yote?" afisa alishangaa. "Hiyo kazi itabamaliza."

"Yote, chef."

Tulikubali, naye akaondoa mashtaka.

Nimefikiri sana juu ya ombi lile. Sisi watu wa huku tunajua kila mkalitusi ni wa nani, hata ukiwa umeota peke yake kwenye mteremko. Hakuna anayechuma parachichi la jirani bila kuita kwanza mlangoni. Lakini kitu kikishaingia kwenye simu tunakichukulia kama maji ya mvua, kila mtu akinge kwa ndoo yake. Hatukumchukia kijana yule. Hatukufikiri tu kwamba kuna mtu aliyekaa kwenye kiti akitengeneza mlima, kisha akatengeneza mwingine. Kabla hajahamia Beni kufundisha kompyuta nilimuuliza kama atatengeneza mchezo wa pili. Alijibu kwamba ataanza siku atakapomwona mtoto asiyemjua akifungua ule wa kwanza na kusoma jina lake. Sijui kama alimwona. Mchezo wa pili haukuanzwa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Sheria ingeweza kumfunga mdogo wangu, lakini isingeweza kumrudishia kijana yule hamu ya kazi.

Kwenye matanga mdogo wangu aliketi karibu na mlango, waya mkononi, akiwaomba vijana simu zao. Wengine walimtania: "Yaya, hata ku kilio unafungua kioski?" Aliomba simu iliyofuata. Kila alipomaliza simu moja, mama wa marehemu aliishika, akasoma jina la mwanawe kwa sauti, ndipo akairudisha. Kisha akaniomba nisiliandike katika safu hii. Anataka watu walikute kule kule lilikofutwa.

Kwa hiyo silitaji. Nimejifunza kwamba kufuta jina la mtu ni kazi ya dakika, na kulirudisha kunahitaji kubisha mlango baada ya mlango. Tumeshapita mtaa wote wa Rughenda, na bado hatujafika Kalunguta. Simu nyingine zimeshavuka mpaka na wenyewe hatuwajui. Wewe unayesoma, fungua mchezo huo. Ukiona jina la kioski yetu, tuletee simu yako. Hulipi kitu. Sisi ndio tunaodaiwa.