Nilijiita mwipwa wa mufu, juu nipate pa kulilia

Kosa ni yangu. Naiandika mbele, juu ya sababu hapa chini nitataja majina ya bantu, na sitaki useme nimekuja kujitakasa. Mimi, fundi maçon, mujengaji wa nyumba wa mutaa Ruashi, mwanaume wa miaka makumi tano na kitu, mwenye ndevu na batoto ine, nilienda ku kilio, matanga ya bantu sibajue, nikalia kuliko benyewe. Aibu gani hii!

Unisikilize kwanza. Utacheka kiisha.

Asubuhi moja nilikaa ku kitanda na kiatu moja mu mukono, nikaiangalia. Mama Nadine, muke wangu, akaenda soko kuuza unga, akauza, akarudia. Mimi na kiatu, tuko pale.

Unajua mufuko ya simenti yenye kunyeshewa? Inje ni mufuko, maandishi yote iko. Ndani ni jiwe. Kujenga nayo haiwezekani, kuibeba ni shida. Njo mimi! Bukari, ugali yetu, ilikuwa kama kutafuna gazeti. Batoto bangu banacheka mu chumba, nasikia kama ni batoto ba jirani. Haikuwa hata huzuni, juu huzuni ni kitu. Mimi nilikuwa na bure. Machozi inajaa mu kifua, inakataa kutoka. Na mwanaume atalilia wapi mu Ruashi? Nyumba zetu ziko ukuta moja: ukipiga chafya, jirani anakuambia pole.

Sasa benye makosa. Kaka yangu Prosper: nilimuambia moyo inanilemea, akajibu, "Uko na bibi, uko na kazi, unalemewa na nini? Ni uvivu!" Pasta Emery: aliniwekea mukono ku kichwa, akasukuma mpaka nikaanguka, akatangaza pepo imetoka. Ilitoka kweli, ikaningojea ku mulango. Rafiki yangu Kazadi: alileta chupa ya lutuku, ile pombe ya kupika nyumbani. "Kunywa, itakuosha." Iliniosha! Iliosha akili kidogo yenye ilikuwa imebakia. Asanteni sana, mabwana. Lakini hata moja wenu hakunituma ku kilio. Pale nilijituma mwenyewe.

Siku moja nilikuwa natoka ku chantier ya kujenga nyumba, kwenye nilishindwa kupanga hata matofali kumi. Nikapita mbele ya kilio: bâche ya turubai juu, viti ya plastiki inje, bamama banaimba ndani. Nikaketi nipumzike tu. Machozi ikatoka kama robinet ya maji yenye kuvunjika! Muzee moja akaniletea maji. "Lia, mutoto yangu, lia." Tangu nizaliwe hakuna mwenye aliniambia vile. Nikatoka pale mwepesi, nikafika nyumbani nikakula bukari mbili.

Basi nikaanza kutafuta kilio sawa vile benzangu banatafuta kazi. Asubuhi namuambia Mama Nadine naenda ku chantier, natia truelle, mwiko ya simenti, mu mufuko, narudia na macho nyekundu. "Ni simenti," namuambia. Miezi mitatu, simenti! Na yeye ananiamini, ananisafisha macho na maji ya vuguvugu. Nilianza hata kuchagua: kwenye banaimba polepole naingia, kwenye kuko fanfare ya tarumbeta napita, inanikata machozi. Ona mupumbavu!

Ile kilio ya mwisho, mufu alikuwa fundi wa baiskeli. Sikumuona hata pua. Kiisha kuzika, wanaume ba famille balikaa kuongea mambo ya desturi, na mimi nalia pembeni. Mukubwa wao akaniangalia.

"Papa, unalia sana. Marehemu alikuwa nani kwako?"

Ningejibu rafiki, ingepita. Lakini mwanaume mwenye alisema ni jirani balikuwa bamemusogeza nyuma, ku jua. Nikaogopa kunyanganywa kiti. Nikajibu: "Niko mwipwa yake."

Mwipwa, mutoto wa dada ya mufu! Kwa bantu ba upande wa mupaka, ule njo mwenye kusikilizwa, njo mwenye kuvalishwa nguo ya mufu. Mimi natafuta kiti tu, nikaenda kukaa pa mwenye nyumba.

"Mwipwa wa upande gani?"

"Wa Mokambo." Nilisema Mokambo juu ni kule mupakani, karibu na Zambia. Nilifikiri hakuna mwenye ataenda kuuliza.

Alafu mama muzee akapiga kelele toka ndani: "Mutoto wa Adolphine!"

Kumbe mufu alikuwa na dada kweli, aliolewa Mokambo, miaka na miaka hakuna habari! Ule mama muzee, Kambo Mwape (kambo ni nyanya), mama yao bote wawili, akatoka bakimushika mikono. Macho yake ilishachoka, akanipapasa uso yote na vidole.

"Mama yako iko muzima?"

Bantu bangu! Pale njo ilikuwa mulango wa kutokea. Ningesema, Kambo, nimekosea kilio. Nikaangalia ile uso, nikajibu: "Iko muzima, Kambo. Anakusalimia."

Akacheka. Mwanamuke ametoka kuzika mwana, akacheka! Akaagiza koti. Koti ya kahawia, vifungo ya pembe: ilikuwa ya bwana yake, ikaenda kwa mwana, sasa ni ya mwipwa. Ikanienea kama nilipimiwa. Niko pale, na koti yangu, nakunywa chai yenye sukari mingi, juu mwipwa anatiliwa sukari.

Njo bamama ba soko bakaingia na mabeseni ya unga ku kichwa. Mujane wa mufu alikuwa anauza pamoja nabo ku soko. Mimi nitajulia wapi? Wa tatu mu mustari, Mama Nadine.

"Papa Nadine?"

Nikaingiza kichwa mu koti.

"Papa Nadine, ni weye mu ile koti?"

Mukubwa wa famille akamuambia na furaha, "Mama, unamujua mwipwa wetu? Mutoto wa Adolphine!"

"Adolphine gani? Mama ya uyu aliitwa Henriette! Tulimuzika hapa hapa Ruashi, mimi njo nilipika!"

Kelele yenye ilifuata siiandike. Bamoja balitaka kunipiga, mukubwa akakataa, akadai mbuzi. Mbuzi nilileta, haina neno. Neno ni Kambo Mwape. Hakunitukana. Aliuliza tu, mara mbili, polepole: "Basi Adolphine hakunisalimia?" Akalala ku mukeka, akageukia ukuta. Mwana moja kifo ilimunyanganya. Wa pili, mimi.

Ruashi yote ikaniita Papa Kilio. Mwenye kiwanja akisikia jina yangu: "Ule? Ataniitia kifo mu nyumba yenye haina hata paa!" Miezi sita sikushika tofali. Mama Nadine hakunisemesha wiki mbili. Alafu asubuhi moja akaweka chai mbele yangu.

"Papa Nadine, ulikuwa unamulilia nani?"

Nikatafuta mufu, nakuapia! Nikabahesabu bafu ba kwetu bote, kila moja nilishamulilia. "Hakuna muntu," nikasema. "Hakuna mwenye alikufa. Njo shida." Na machozi ikatoka pale pale, juu ya mukate. Bila bâche, bila nyimbo. Hakucheka. Akavaa kitambaa ku kichwa, akanipeleka ku kituo ya afya.

Muganga, mwanamuke moja mupole, akaniuliza usingizi, akaniuliza chakula, akasema ni ugonjwa ya kulemewa moyo, inaitwa dépression. Nikamuambia, "Docteur, ile si ya bantu ba masomo? Mimi niliachia masomo ku mwaka ya ine ya primaire." Akajibu ugonjwa haiulizi diplome. Dawa nilikunywa, kuongea nilienda. Nimepona? Kidogo kidogo. Kuko siku kiatu inarudia mu mukono. Sasa namuita Mama Nadine, ananivalisha na ananichekelea.

Koti nilirudishia Kambo. Akaisukuma.

"Kaa nayo. Ujenge kaburi ya mwana wangu, alafu uende Mokambo na ile koti. Adolphine alikuwa anajifichaka ndani yake wakati alikuwa mudogo. Akiiona ataijua. Si ulisema ni mama yako? Basi, umutafute."

Kaburi nilijenga, imenyooka, ilikuwa matofali ya kwanza kiisha ile miezi yote. Mokambo nimeenda mara tatu. Natembea mu soko na koti nzito mu jua ya mwezi wa kumi, bantu banacheka mpaka banashika tumbo. Nikirudia napita kwa Kambo, namuambia, "Bado." Ananipa chai. Bila sukari.

Weye mwenye uko na kiatu mu mukono sasa hivi, usiende kuazima mufu ya bantu! Lilia kwako, chai ipoe. Na nyinyi bakina Prosper, muntu akisema analemewa, mupatie maji, mufunge kinywa.

Na kama kuko mama anasoma hii, anaitwa Adolphine, aliolewa Mokambo, anakumbuka koti ya kahawia: mama yako iko muzima. Anakusalimia. Mara hii sisemi uongo.