Kikombe Ambacho Maman Vénantie Hakukionja

Divine alikuwa na miaka kumi na sita, na nchi ya ng'ambo aliyopelekwa kusoma ilikuwa upande wa pili wa daraja. Usicheke. Mpaka ni mpaka. Shule yake ya Bukavu na shule moja ya Rusizi zilikubaliana kubadilishana wanafunzi kwa muhula mmoja: Gaju, binti wa Maman Vénantie, akalale kwao Divine, naye Divine alale kitanda cha Gaju. Nyuma ya jiko la Maman Vénantie unaona mapaa ya Bukavu, lakini ugeni ni ugeni tu.

Siku ya kuvuka, mama yake, Maman Marguerite, alimshika mkono akamnong'oneza, "Sikia. Kama muntu hakuonja mbele yako, usikunywe. Hata akikuapia." Pande zote mbili za maji hilo linajulikana: anayekukaribisha hupiga funda la kwanza mwenyewe, uone hakuna sumu, ndipo akupe.

Sasa asubuhi ya kwanza Maman Vénantie anatoka jikoni na kikombe cha bushera, kinywaji cha mtama anachouza, anakiweka mezani uani, anageuka kufagia. Hakuonja! Mama yule alipoingia ndani, Divine akamwaga yote chini ya mgomba.

Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Wiki ya pili msichana alikuwa anaishi kwa ndizi alizomenya mwenyewe na maharage ya sahani waliyokula pamoja. Na kadiri mama yule alivyokuwa mwema, ndivyo Divine alivyozidi kumwogopa. Blanketi jipya la nini? Kwa nini anauliza kila siku kama kikombe kimeisha? Anacheka nini peke yake jikoni?

Jumamosi alimfuata kibandani kwake, karibu na daraja la mpaka liitwalo Rusizi ya Kwanza, ambako wachukuzi wa mizigo hunywa kabla ya kuvuka. Huko aliona kwa macho yake. Kila mteja, Maman Vénantie alichota, akapiga funda, akapangusa ukingo, akampa. Wateja kumi, mafunda kumi. Kumbe desturi anaijua vizuri! Ni kwangu tu anairuka, Divine aliwaza, na hofu yake ikageuka hasira.

Birindwa, mchukuzi wa Bukavu mwenye maneno mengi, alimtania. "We mutoto wa kwetu, mbona umekonda hivi? Huyu maman hakupatii bushera?"

"Ananipatia," Divine alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. "Lakini yangu haonjagi."

Loo! Birindwa aliweka kikombe chini kikiwa nusu. Mwenzake naye akaweka. Muuza nyanya aliyekuwa amenyoosha mkono akaurudisha. Kwa mwanamke anayeishi kwa kuuza kinywaji, neno kama lile likishavuka daraja, kibanda kimefungwa.

Maman Vénantie alibaki na kata mkononi. Akamgeukia msichana.

"Divine, mi naonjea bakiriya, benye kununua. Naonjea bageni. Sasa niambie mbele ya hawa ba papa: maman yako, kule kwenu, anaonjaga kikombe chako?"

Divine akakumbuka vikombe vya kwao. Maman Marguerite hajawahi, tangu amzae. Nani anamwonjea mtoto wake mwenyewe?

"Gaju namupatiaga vile vile," mama akaendelea. "Sikuonja sababu nilikuita mutoto wangu."

Birindwa akacheka, cheko la aibu, akainua kikombe chake na kukimaliza. Wengine wakafuata, na biashara ikapona. Divine alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumapili aliamka mapema, akakaa mezani, tayari kunywa chochote atakachopewa mpaka chini. Maman Vénantie akatoka jikoni na kikombe. Alisimama mbele yake, akapiga funda moja taratibu, akapangusa ukingo kwa kitambaa.

"Maman, usionje," Divine alisema, machozi yakimlenga. "Naomba."

"Kunywa, mugeni wangu," mama akajibu kwa upole kabisa.

Akaonja hivyo kila asubuhi, mpaka muhula ukaisha.