Nilikana Kuligusa Faili, Akafukuzwa Aliyenifundisha

Msomaji huyu wa Mwanza ameomba tusilitaje jina lake.

Wakubwa shikamooni. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka ishirini na mbili, nimeishia darasa la saba, naishi Igoma. Niliajiriwa na kampuni binafsi ya kununua pamba, nifagie na kuchemsha chai. Fundi wa kompyuta, nimwite Masanja ingawa silo jina lake, alikuwa ananitania, "Dada, chai itapoa ukiendelea kukodolea macho kioo cha kompyuta. Vuta kiti."

Akanifundisha taratibu. Kompyuta kubwa ya ofisi, wanayoiita seva, iliendesha programu iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, ya kutunza uzito wa pamba kutoka vituoni. Kila programu ndani ya seva ina namba ya mlango wake, imeandikwa kwenye faili. "Mbili zisishike namba moja," aliniambia, "moja itagoma kuwaka."

Masanja alipofiwa akaenda Magu, aliniachia neno la siri la kuingilia seva nimwandalie programu mpya ya maghala. Nilinakili faili la ile ya pamba, nikabadilisha jina. Namba ya mlango nikasahau kuibadilisha. Wiki ya pili, Masanja amesharudi, umeme ukakatika. Uliporudi na seva kuwashwa, programu ya maghala ikawahi ule mlango, ya pamba ikagoma. Magari yalishinda getini, wakulima wamekaa juani juu ya mizigo yao.

Masanja alihangaika hadi alasiri ndipo akaiona ile namba. Bosi akauliza nani ameligusa faili. Masanja akanigeukia, "Dada, ni wewe?"

Mwanangu alikuwa amelala mgongoni. Baba yake alituacha tangu mimba. Nikasema, "Mimi hata kulifungua sijui, kaka."

Akamgeukia bosi. "Basi ni mimi, bosi."

Alifukuzwa siku hiyohiyo. Bosi alipokosa fundi nikamwambia nimejifunza kidogo kwa kumtazama Masanja, na sasa kiti chake nimekalia mimi.

Juzi mkewe alikuja kuomba barua, mumewe atafute kazi kwingine. Bosi akamjibu, "Niandike nini, kwamba alitusimamishia kazi?" Yule mama alipotoka alimfuta mtoto wangu makamasi kwa khanga yake, akaniambia, "Masanja anakusalimu. Anauliza kama umeshaweza kuipanga seva ijiwashe yenyewe umeme ukirudi."



Nikisema kweli, naogopa mwanangu atalala njaa. Lakini moyoni natumaini bosi anaweza kumrudisha Masanja, hata mimi nikirudia ufagio. Ninyi mliowahi kubeba kitu kama hiki, nielekezeni: nianzie kwa bosi, au niende kwanza kwa Masanja nimpigie magoti?