Mama Mdogo na Sheria ya Siku Thelathini

Mama mdogo anatengeneza simu kwenye meza moja chini ya ngazi za jengo la maduka. Ana bisibisi sita, taa ya kuvaa kichwani, na mdomo. Mteja akimletea simu iliyolowa atamuuliza, "Hii umeifua au umeisuuza tu?" Ukimsikia hivyo utadhani hana linalomsumbua.

Kazi yake nyingine ni ya kujitolea. Yeye na watu kama arobaini, ambao wengi hajawahi kuwaona, wanatengeneza programu ya bure inayowasomea vipofu maandishi ya kwenye simu kwa sauti. Wanakutana kwenye chaneli ya kuchati. Mama mdogo ndiye admini wa mlango. Anaingiza watu na kuwatoa.

Mwaka jana chaneli ilivamiwa. Matangazo ya dawa za kuotesha nywele yalimiminika kutoka kwa watu waliojiunga zamani wakajificha kimya, mpaka maswali ya kazi yakawa hayaonekani. Mama mdogo akaandika sheria: asiyeandika neno kwa siku thelathini, programu ya mlangoni wanayoiita roboti imtoe. Akitaka kurudi, asome herufi zilizopindapinda kwenye picha kisha azinakili. Wenzake wakakubali, matangazo yakakoma, naye akatembea kifua mbele wiki nzima.

Kumbe mle ndani kulikuwa na mzee wanayemwita Sikio. Anapokea simu kwenye ofisi ya maji, na haoni tangu utotoni. Yeye ndiye aliyekuwa anasikiliza programu inavyotamka na kusema wapi imekosea. Alituma sauti kila siku, hakuandika hata mara moja. Roboti inahesabu maandishi tu. Siku ya thelathini ikamtoa, na sauti zake zote zikafutika.

Hakuna aliyegundua mpaka toleo jipya lilipotoka likitamka kama mtu mwenye kiazi mdomoni.

Mama mdogo akampigia. Aliweka spika kwa sababu vidole vilikuwa na gundi.

"Shikamoo mzee. Mbona umetupotea?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimepotea? Wiki tatu nagonga. Kila nikigonga naambiwa nisome picha."

Mama mdogo akaacha kioo alichokuwa anabandika.

"Picha hiyo niliiweka mimi, mzee."

"Basi uliiweka barabara. Hakuna kipofu atakayepenya." Mzee akacheka. Mama mdogo hakucheka.

"Nakuingiza sasa hivi, kwa mkono wangu."

"Mimi sawa, unanijua. Na yule usiyemjua, programu ikimsumbua, aseme wapi? Ukifungua, fungulia wote. Mimi dirishani sipiti."

Siku hiyo mteja alirudishiwa simu kioo kimekaa upande.

Jioni mama mdogo akawaomba wenzake waiondoe sheria. Mwalimu mmoja wa hesabu, aliyeianzisha programu, ndiye aliyemjibu.

"Dada, wewe ndiye uliyetulilia tufunge. Leo unalia tufungue? Nani atafuta matangazo?"

"Mimi."

"Wewe, na foleni ya wateja hapo mezani? Mwingize mzee wako yaishe."

Wakapiga kura. Saba walimuunga mkono, kumi na tisa wakakataa, waliobaki wakanyamaza. Ufunguo wa kuizima roboti anao, angeweza kubonyeza tu. Anasema jambo lililoamuliwa na wote halizimwi na mtu mmoja.

Asubuhi yake akatuma sauti: "Hamjambo. Kuanzia leo siandiki. Nitasema tu, kama Sikio."

Na kweli. Akiulizwa anajibu kwa sauti, akiona kosa analieleza kwa sauti. Mwanzoni walimtania kwamba admini amegoma. Sasa utani umeisha. Jana Mwalimu aliandika, "Dada, tafadhali, weka hata nukta moja roboti ikuone."

Mama mdogo akabonyeza kinasa sauti. "Niko hapa kila siku, Mwalimu. Mnanisikia. Kama hiyo haitoshi, semeni."



Leo ni siku ya ishirini na nane. Nilimuuliza kesho kutwa itakuwaje. Alikuwa anafungua simu ya mtu, na skrubu ndogo ilimdondoka mara mbili.

"Nitatolewa," akasema. "Sheria niliiandika vizuri, haikosei siku."

"Halafu?"

"Halafu nitampigia Sikio, nimwambie huku nje tuko wawili."