Pampu ya Tatu ya Yumma

Harufu ya mbao za makasha zikiungua hunirudisha Muaither, pembeni mwa Doha, kwenye ua wa tajiri aliyejenga tanuru la chuma nje ya nyumba ili maji yake ya moto yapite chini ya sakafu ya chumba cha mama yake. Mtu akisikia habari za kupasha nyumba joto Doha, hucheka. Hata mimi nilicheka, maana kiangazi kizima maji ya tangi la darini yalituunguza bila moto. Lakini upepo wa Januari kule hupenya hadi kwenye mifupa, na bibi yule, ambaye nyumba nzima ilimwita Yumma, yaani mama, alikuwa na magoti yaliyovimba hata akawa anaswali ameketi.

Baba yangu, Mutua, alikuwa fundi bomba. Kabla hajaitwa, pampu mbili zilikuwa zimeshaungua. Mafundi wa kwanza walizifunga kama walivyozoea kufunga zile za kupandisha maji darini: mota imesimama wima, juu kabisa ya bomba, mahali ambapo hewa yote hukusanyika na kuiacha pampu bila maji. Baba, aliyewahi kupasha joto vibanda vya maua huko Naivasha kwa maji ya moto, aliziangalia akaguna. Akataka pampu ishuke chini, kando ya tanuru, mota ilale, na koki mbili, moja kila upande. Msimamizi wake, Mzee Salim wa Mombasa, hakutaka kusikia.

"Mutua, fuata mchoro, bwana. Ikiungua ya tatu, mimi simo."

"Mchoro hausikii baridi, mzee wangu. Yule mama anasikia."

Nilikuwa kando nikisikia. Tajiri alikuwa ameshasema kwamba ya tatu ikiungua, Baba atafute kazi kwingine, na bila kazi ile vibali vyetu vya kukaa vingekwisha, turudi Machakos katikati ya mwaka wa shule. Baba, mkaidi kama kawaida yake, akakata bomba.

Ijumaa kazi ikabaki ya kutoa hewa tu. Parafujo ya kutolea hewa ilikuwa ndani kwa Yumma, upande wa wanawake, ambako fundi mwanamume haingii. Nadhani wale wa kwanza waliona haya kuomba msaada, wakawasha hivyo hivyo. Baba hakuona haya. Aliniita, mimi binti wa miaka kumi, akanipa bisibisi na kitambaa.

"Mwende, ikizomea, iache izomee. Maji yakitoka bila kukohoa, funga. Usiwe na pupa."

Ilizomea hadi mkono ukaniuma, ikakohoa, ikanirushia maji meusi usoni, na Yumma akacheka kitandani. Yalipotoka maji matupu nilifunga, nikapaza sauti dirishani, "Tayari, Baba!" Pampu ikaanza kuvuma polepole. Nililaza kiganja sakafuni. Baridi. Nikangoja, nikaomba kimoyomoyo. Bado baridi. Kisha uvuguvugu ukaja chini ya vidole vyangu, ukaenea. Yumma akavua soksi, akakanyaga, akasema "Alhamdulillahi" mara tatu. Nilikimbia nje na kumkuta Mzee Salim amemshika Baba mkono, hataki kuuachia. Siku ile nilivimba kichwa, sikatai.

Siku hizi mimi ni muuguzi humo humo Doha. Ninafanya kazi West Bay, kwenye jengo ambalo joto na baridi huja kwa kubonyeza kidude ukutani, na hakuna anayemjua aliyelaza mabomba yake. Juzi nilikwenda kumjulia hali Yumma. Tanuru halipo tena, maji yanachemshwa kwa umeme. Uani nilimkuta fundi kijana, Mganda, akibadilisha pampu pale pale alipoiweka Baba. Alifunga koki mbili, akaitoa ya zamani, na maji yaliyomwagika hayakujaza hata kikombe.

"Aliyeweka koki hizi," akasema, "alinifikiria mimi."

Nilimpigia Baba simu Machakos, nikampa kijana yule simu, nikamwomba ayarudie maneno hayo mwenyewe.