Taa ya Mzee Wesonga

Katika plot yetu ya vyumba vya kupanga huko Waithaka, ni Mzee Wesonga peke yake aliyekuwa akifunga kufuli asubuhi na kuacha taa ikiwaka ndani. Anapaka rangi maghorofa huko Parklands, na alikuwa akirudi giza limeshaingia. Zamani mkewe, Rachael, ndiye aliyetangulia kufika nyumbani. Wesonga akitokea barabarani aliona dirisha lina mwanga, akajua kuna mtu. Rachael alifariki bila kumwachia mtoto, na ndugu zake Wesonga wote wako Busia. Hapo ndipo alipoanza kuiacha taa. Majirani tulijua sababu, hatukumwuliza. Mimi nakaa mlango unaofuata, na miaka yote hiyo tulikuwa tunasalimiana tu.

Jumapili moja jirani yetu Jacklyne, anayesuka nywele Kenyatta Market, alimngoja Wesonga langoni atoke kanisani. Alikuwa amemshika mkono binti yake Awuor, wa gredi ya kwanza.

"Aki jirani, niokoe. Wanafundishwa nishati. Mwalimu anataka azunguke plot na mtu mzima, waone stima inayowaka bure. Na mimi wateja wananingoja."

"Mimi sijui mambo ya shule," Wesonga alisema, akiangalia viatu vyake.

"Ni kuzunguka tu, mzee wangu!" Jacklyne akaenda zake.

Wakaanza kwa Jamleck, kinyozi. Alikuwa kizingitini akisugua raba zake, televisheni ikiongea peke yake nyuma yake.

"Niaje, mkaguzi! Umekuja kunikatia stima?"

"Unaangalia TV na kisogo?" Awuor akamwuliza.

"Nasikiliza mpira."

"Hiyo ni tangazo ya sabuni."

Jamleck akacheka, akaizima. Wesonga naye alicheka, na sikumbuki kumsikia akicheka kabla ya siku hiyo. Baada ya hapo aliongea bila kusukumwa. Alimwonyesha Awuor nguo kwenye kamba, akamwuliza ni nani anazikausha. Kwenye jiko la mama mwenye plot, palipokuwa na maharagwe, akamwambia anyooshe kiganja asikie joto.

"Haya makaa yalikuwa mti. Na mti ulikua kwa kula jua."

Awuor akachungulia. "Kwa hivyo jua liko humo ndani?"

"Limo. Ndilo linapika."

Kisha wakafika kwake mwenyewe. Kufuli mlangoni, mwanga dirishani, mchana kweupe.

"Anko, nani yuko ndani?"

"Hakuna mtu."

"Basi inamwakia nani?"

Mlangoni kwangu niliacha kumenya viazi. Wesonga alitafuta ufunguo mfukoni kwa muda mrefu. Angeweza kumwambia lolote, na mtoto angeamini. Lakini ni yeye aliyekuwa akimfundisha. Akafungua mlango, akamwinua hadi kwenye swichi, na Awuor akaizima taa.

"Usiwashe kama haupo," akamwonya.

"Siwashi."

Jumatatu jioni dirisha lilikuwa jeusi. Nilimwona Wesonga amesimama langoni na ndoo yake ya brashi. Hakuingia. Aligeuka akarudi barabarani, na alipofika kwake wengine tulikuwa tumeshakula. Jumanne ikawa vivyo hivyo. Jumatano nilitaka kumkaribisha chai. Nilisimama mlangoni na kikombe mkononi, akapita, chai nikainywa mwenyewe.

Wiki iliyofuata alianza kufika mapema, kabla jua halijazama. Anafungua, anawasha taa, anaweka ndoo chini. Halafu anatoka tena, anatembea hadi barabarani, anangoja giza liingie vizuri. Ndipo anarudi polepole, macho yakiwa dirishani.

Jana Awuor alikuwa akiruka kamba karibu na lango, akamwona anatoka.

"Anko, unaenda wapi na umewasha?"

"Nafika hapo tu."

"Basi usikawie, stima inawaka."

Wesonga alisimama kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Sikawii," akasema. Na jana hakukawia.